Mtoto wetu ana ualbino, na ndugu zangu wanataka nipime DNA

SWALI

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mkazi wa Kayole hapa Nairobi. Kazi yangu ni kupuliza rangi magari katika gereji moja kule Grogan. Nina mke na watoto wawili. Wa kwanza ni msichana, yuko gredi ya kwanza, mweusi kama sisi wazazi wake. Wa pili ni mvulana wa miezi minne, na huyu ndiye aliyefanya nikuandikie.

Alizaliwa alfajiri. Nilipoingia wodini nikampata amefunikwa shali hadi kichwani. Nikaifunua. Nywele za manjano iliyopauka, ngozi nyeupe yenye wekundu kwa mbali, macho ya kijivu. Muuguzi akasema, "Mtoto wako ana ualbino, lakini ni mzima, usiogope," kisha akaitwa kwa mama mwingine, na hapo ndipo maelezo yalipoishia mpaka leo. Mke wangu alikuwa ananitazama usoni aone nitafanya nini. Nilimbeba mtoto. Lakini nakwambia ukweli, Mama, mikono ilikuwa inatetemeka.

Mamangu alikuja kutoka Kakamega kumwona mjukuu. Alishinda kimya mchana kutwa. Jioni akaniita nje kwenye ngazi akaniambia kwamba kwetu hakujawahi kuzaliwa mtoto wa namna hii, si upande wake, si upande wa marehemu baba. Kaka yangu mkubwa yeye hakuzunguka. Kabla ya kushika mimba hii, mke wangu alikuwa akifanya kazi ya nyumba kwa Wazungu fulani Lavington, na kaka anasema jibu liko huko, ni mimi tu niliyefumba macho. Anataka nimrudishe kwao. Ndugu zangu wamechanga pesa za kipimo cha DNA na wamenielekeza nimvizie mke wangu akienda sokoni, nipitishe pamba mdomoni mwa mtoto, niipeleke maabara bila yeye kujua. Pamba ninayo. Imekaa kwenye sanduku langu la vyombo vya kazi wiki nzima.

Mke wangu ni Mkamba wa Mwingi, mimi ni Mluhya. Hatuna udugu wowote. Kwa hivyo hata nikiambiwa haya ni mambo ya damu, ya Mwingi na ya Kakamega yalikutania wapi? Wakati mwingine najilaumu mwenyewe: miaka yote hii navuta thina na mvuke wa rangi. Je, huenda ndiyo iliyomharibu mtoto tumboni?

Mamangu bado yuko nasi. Kila siku mtoto akishaoga anampaka mafuta na kumlaza juani kwenye roshani bila nguo ili "apate rangi". Macho ya mtoto nayo hayatulii, yanakwenda huku na huku kama anayetafuta kitu. Mke wangu amekuwa mkimya. Tangu kliniki ya wiki sita hajarudi, kwa sababu kina mama walimkodolea macho kwenye foleni. Dada yangu mdogo anaolewa Disemba, na mamangu ananisihi tusije na mtoto, wakwe wasimwone.

Nampenda mke wangu. Na huyu mtoto, kidole chake kidogo cha mguu kimelalia mwenzake kama changu. Lakini usiku swali linarudi. Nipime? Na tukizaa mwingine, naye atakuwa hivi?

Baba wa wawili, Kayole

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Rangi ya mtoto wako haimshtaki mkeo kwa lolote. Ualbino wa aina hii hautoki kwa mama peke yake. Ili mtoto azaliwe nao, lazima baba aliyemzaa na mama aliyemzaa wawe wamempa, kila mmoja, nakala yenye hitilafu ya jeni moja. Kuhusu yule Mzungu wa kaka yako: mama mweusi akizaa na Mzungu, kwa kawaida mtoto huwa chotara, ngozi ya maji ya kunde na nywele nyeusi au za kahawia. Hawi na ngozi isiyo na rangi, nywele za manjano na macho yasiyotulia. Ili Mzungu azae mtoto kama wako, naye angelazimika kubeba hitilafu ya aina hiyohiyo, na kwao ualbino ni nadra kuliko kwetu: Ulaya na Marekani ya Kaskazini hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000.

Nitakueleza jinsi inavyokuwa, lakini kuna jambo la leo, lisingoje hata umalize kusoma. Mwambie mama, kwa upole, asimlaze tena mtoto juani. Hatapata rangi. Ngozi yake haina uwezo wa kuitengeneza hata aanikwe mwaka mzima, itaungua tu, na mafuta hayaikingi. Najua mama zetu wamezoea kuwaotesha watoto jua la asubuhi, na kwa mtoto mwingine nisingesema neno. Kwa huyu, kivuli. Kama ni mifupa anayoihofia, aulize kliniki kuhusu matone ya vitamini D.

Sasa nije kwenye jeni yenyewe. Siwezi kumpima mtoto kwa barua, na daktari wa ngozi ndiye atakayethibitisha, lakini kwa nywele hizo za manjano, na kwa kuwa aina hii ndiyo iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara, nitazungumza nikiichukulia kuwa ndiyo. Jeni inaitwa OCA2, nayo iko kwenye kromosomu ya 15, moja ya zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli zetu. Kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jeni ni maelekezo ya kutengenezea protini, na maelekezo ya OCA2 hutoa protini iitwayo P, mnyororo wa asidi amino 838. Herufi hiyo ilitokana na panya wa maabara wenye macho ya waridi, "pink" kwa Kiingereza, ambao wanasayansi waliifahamu jeni hii kwao kabla ya kuitambua kwa binadamu.

Ndani ya ngozi, kwenye mashina ya nywele na ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi. Kila seli ina vifuko vidogo sana vinavyoitwa melanosomu, na humo ndimo melanini, yaani rangi yenyewe, hupikwa. Protini P hukaa kwenye utando wa vifuko hivyo, imeupenya mara 12 kutoka upande huu hadi ule, na husaidia chembe za kloridi kupita. Kwa njia hiyo asidi ndani ya kifuko hupungua. Hapo ndipo penye siri yote, kwa sababu kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini, tairosinasi, hakifanyi kazi vizuri penye asidi nyingi. Protini P ikikosekana, kimeng'enya kipo, malighafi ipo, kifuko kipo, ila asidi imekizuia. Wewe fundi wa rangi utanielewa haraka: rangi umekoroga, bunduki ya kupulizia iko mkononi, lakini hadena hukutia, basi haishiki.

Ndiyo maana mwanao hana weupe mtupu. Kimeng'enya hufanya kazi kidogo, kikatoa rangi kidogo, ile ya manjano uliyoiona kwenye nywele. Akikua, nywele zinaweza kukolea kiasi na madoa ya kahawia yakajitokeza usoni na mikononi. Kuna aina nyingine ya ualbino, inayotokana na hitilafu kwenye jeni ya tairosinasi yenyewe, TYR, iliyo kwenye kromosomu ya 11. Huko mtoto anaweza kuzaliwa na nywele nyeupe kabisa. Hata ingekuwa ni hiyo, urithi ni uleule, baba na mama. Hata macho ya buluu ya Wazungu yana uhusiano na jeni hii ya OCA2: mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba badiliko dogo kwenye jeni jirani huipunguzia OCA2 kazi ndani ya jicho. Macho ya kijivu ya mwanao basi hayakuhitaji Mzungu.

Uliuliza Mwingi na Kakamega zilikutania wapi. Ni swali zuri kuliko yote uliyoandika, na lina jibu. Hitilafu ya OCA2 inayopatikana zaidi barani kwetu ni ya aina moja: kipande cha DNA chenye herufi takriban 2,700 kimetoweka katikati ya jeni. Kipande hicho kikikosekana, maelekezo yanayofuata huvurugika na protini hukatika kabla ya kukamilika. Kipande kilekile, kilichokatika palepale, kimekutwa kwa watu wenye ualbino Tanzania, Zimbabwe, Afrika Kusini, Kameruni na kwingineko. Watafiti walipolinganisha DNA inayokizunguka, waliona dalili kwamba badiliko hilo lilitokea mara moja tu, kwa babu mmoja wa zamani sana, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kabla Wabantu hawajatawanyika na kuwa makabila tunayoyajua leo. Waluhya ni Wabantu. Wakamba ni Wabantu. Hamna udugu wa kuwazuia kuoana, lakini inawezekana kabisa kwamba wewe na mkeo mmebeba kumbukumbu ya mtu mmoja aliyeishi kabla ya Mwingi na Kakamega kuwa na majina.

Tena si jambo la watu wachache. Kwa jirani zetu Tanzania inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, maana yake takriban mtu mmoja kati ya 19 ana nakala moja yenye hitilafu. Kwa kiwango kama hicho, basi la abiria 33 linalokupeleka Kayole jioni lingekuwa na mtu mmoja au wawili wanaoibeba, weusi tititi, wasio na habari. Nakala moja nzima inatosha kutoa protini ya kutosha, kwa hivyo mbebaji haonyeshi dalili yoyote. Jeni inaweza kupita kwa baba, kwa bibi, kwa babu wa babu, kimya kimya, mpaka siku wabebaji wawili wanapokutana.

Kwa hiyo mamako anaposema kwao hakujawahi kuzaliwa mtoto wa namna hii, anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado nakala uliyompa mwanao ikawa imetoka kwake. Au kwa marehemu baba yako. Karibu hakika mmoja wao aliibeba. Nakuomba usilichukue neno hili ukalitumia kama fimbo ya kumchapia. Mama huyo amekaa kimya mchana kutwa kwa sababu anaogopa, na ukimwambia "ni wewe" ataogopa zaidi. Mwambie ni sisi sote.

Thina haikuhusika. Kipande hicho kilikatika maelfu ya miaka kabla ya gari la kwanza kupakwa rangi. Vaa barakoa ya kazi kwa ajili ya mapafu yako, badili nguo kabla ya kumbeba mtoto, lakini huo mzigo wa lawama utue.

Kuhusu pamba iliyo sandukuni, nasema itupe. Sababu ya kwanza unaijua mwenyewe: siku mkeo atakapojua, na atajua, atakuwa amegundua kwamba mwanamume anayelala naye alimngoja aende sokoni. Ndoa nyingi nilizoziona zikivunjika kwa jambo la aina hii hazikuvunjwa na majibu, zilivunjwa na namna yalivyotafutwa. Sababu ya pili ni kwamba kipimo cha ubaba hakijibu swali la ndugu zako. Wewe ukija na karatasi inayosema mtoto ni wako, kaka yako atauliza, "Sasa hiyo rangi imetoka wapi?" na mtarudi palepale pa OCA2, ambapo mngeweza kuanzia bila kumdhalilisha mtu. Mimi siwezi kukuapia kwa barua nani ni baba wa mtoto yeyote duniani. Ninachokwambia ni kwamba shaka yenu ilitokana na ngozi, na ngozi haina ushahidi wowote dhidi ya huyu mwanamke. Ukiiondoa, nini kinabaki? Kazi ya halali aliyokuwa akiifanya Lavington kukusaidia kulipa kodi ya nyumba. Na kidole cha mguu, ambacho wewe mwenyewe umekiona.

Ikiwa baada ya haya yote bado moyo wako haukai, basi mwambie mkeo ana kwa ana kwamba unataka kupima, umweleze ni kwa nini, na uwe tayari kusikia atakavyokujibu. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoweza kukuelekeza. Pesa zilizochangwa waombe ndugu zako ziende kwa daktari wa macho.

Na hili la kumrudisha mkeo kwao lisirudiwe nyumbani kwako. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kaka yako hana sauti hapo. Ukisikia pia mtu anataka kumchukua mtoto akamwombee mahali, au amlaze kwake bila ninyi, kataa bila kueleza sana. Si kila anayemtaka mtoto mwenye ualbino anamtakia heri.

Sasa macho. Kuchezacheza huko kunatokana na chanzo kilekile. Melanini inahitajika jicho linapoumbwa tumboni. Ikipungua, sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ile sehemu tunayoitumia kuona vitu vidogo, haikui kikamilifu, na mishipa ya fahamu itokayo machoni hujigawa kwa namna tofauti inapoelekea ubongoni. Ndiyo maana macho hayatulii, na kwa watoto wengi huanza kuonekana katika miezi ya mwanzo, hasa huu umri wa mwanao. Mara nyingi hupungua kadiri mtoto anavyokua. Hatakuwa kipofu, na hali hiyo haizidi mwaka hadi mwaka. Ataona kwa shida vitu vya mbali na ataumizwa na mwanga mkali. Mpelekeni kliniki ya macho sasa, msingoje aanze shule: Kenyatta wanayo, Kikuyu wanayo, hospitali nyingine kubwa pia. Baadaye miwani, kiti cha mbele darasani, na darubini ndogo ya mkononi ya kusomea ubao vitamsaidia sana.

Hapa naomba mnisikilize wote wawili, kwa sababu litawafika. Mtu fulani atakuja kuwashauri mumpeleke shule ya wasioona akafundishwe Breli. Mtoto mwenye ualbino, kwa kawaida, husoma maandishi kwa macho yake akiyasogeza karibu au yakiwa makubwa. Watoto wengi wamefundishwa kusoma kwa vidole wakati macho yao yangeweza, na inaniuma kila ninapokutana nao. Hata mitihani ya kitaifa hutolewa kwa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Muulize mamako kama anakumbuka mwaka 2017, mtahiniwa bora nchi nzima wa KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alama 455. Alikuwa msichana mwenye ualbino, na shule yake ilikuwa huko huko Kakamega.

Ngozi ndiyo kazi ya kila siku. Saratani ya ngozi huwapata watu wenye ualbino barani kwetu wakiwa bado vijana, na sehemu kubwa yake inazuilika. Nairobi inatudanganya kwa baridi yake. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno, ile inayounguza, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Ule mwezi wa Julai ambapo hatulioni jua na kila mtu amevaa sweta, wazazi huacha kofia nyumbani, na ndipo unakuta mtoto amebabuka mashavu. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, si ile ya besiboli inayoacha masikio na shingo. Mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, kivulini. Losheni ya kukinga jua, yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi, ianze akitimiza miezi sita. Kabla ya hapo nguo na kivuli vinatosha. Ndani ya nyumba, mwambie mkeo amfunue. Hana haja ya kumfunika mwanawe mbele ya kuta zake mwenyewe.

Mnaweza kuzaa tena. Ikiwa wote wawili ni wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na ualbino, na kila mimba ni hesabu mpya. Huyu wa pili hajawamalizia zamu. Binti yenu mkubwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuibeba nakala moja bila dhara lolote kwake. Dada yako anayeolewa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji, na hata akiwa nayo haitaonekana kwa watoto wake isipokuwa mumewe naye anaibeba. Hilo ni jambo la yeye kujua. Si jambo la kuvunja harusi.

Na harusini mwende na mtoto. Ukimwacha, mkeo ataelewa kwamba umeamua upande uliko, bila wewe kutamka neno. Wakwe watauliza, na wewe ndiye utakayejibu, si yeye: "Ana ualbino, tumempa sisi wote wawili." Sentensi hiyo ukiisema mara moja mbele ya watu, utashangaa jinsi minong'ono inavyokosa pa kushika.

Kliniki nayo nimeiona kwenye barua yako na haikunipita. Kama mkeo hajarudi tangu wiki ya sita, mtoto amekosa chanjo za wiki ya 10 na za wiki ya 14. Omba ruhusa gereji wiki hii, ubebe kijitabu cha mama na mtoto wewe mwenyewe, ukae naye kwenye foleni. Wanaokodoa macho watakukodolea wewe. Mchukue mamako pia ikiwezekana, amsikie mhudumu wa afya akieleza, maana kutoka kwako atadhani unamtetea mke. Waambieni mmechelewa, watampangia upya chanjo zote, na siku hiyohiyo waandike rufaa mbili, ya macho na ya ngozi.

Mkishapata karatasi za daktari, ulizeni namna ya kumsajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye makao kando ya Waiyaki Way. Kupitia Baraza hilo serikali hugawa losheni za kukinga jua kwa watu wenye ualbino bila malipo, na hutolewa hospitalini. Anzeni sasa, ili akifika miezi sita jina lake liwe tayari kwenye orodha.